Vilabu vya bushwalking Sydney na Blue Mountains: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ni yale yale kila mtu akisikia kwamba wikiendi unaenda kulala porini kwa hiari yako na tena umelipa ada ya uanachama, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Mimi ni memba wa kawaida tu wa klabu moja hapa Sydney, sipo kwenye kamati, penye maoni hayo ni ya kwangu na sio ya klabu yoyote.

Hivi huwa mnafanya nini hasa? Kutembea tu?

Kutembea ndo kazi kubwa, ila sio kutembea kwa kuzunguka bustani. Bushwalking ni kuingia msituni kwa miguu, pengine kuna njia safi yenye vibao, pengine njia ilishakufa miaka mingi mnafuata mgongo wa mlima kwa ramani na dira, mnatoka jioni au mnalala huko huko siku mbili tatu na kila kitu chenu kiko mgongoni. Hiyo ya kubeba kila kitu ndo roho ya mchezo kwa wengi.

Programu ya klabu hutangazwa mapema, kila safari ina lida wake, tarehe, urefu wa njia, ugumu, na mahali pa kukutana. Kuna za siku moja, za kulala, na za wiki nzima kama Kosciuszko au Tasmania. Kiangazi watu wanashuka kwenye makorongo kwa kamba, yale makorongo membamba ya mawe ya mchanga ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, maji yake ni baridi hata Januari, bila wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi majini, unatetemeka dakika ya kumi. Wengine wanaelea mtoni juu ya godoro la upepo na begi likiwa limefungwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Baridi ikifika kuna wanaoenda kuteleza kwenye theluji. Halafu kuna mafunzo ya kusoma ramani, huduma ya kwanza, na siku za kung'oa magugu hifadhini, nazo hazina watu wengi kwenye picha lakini mimi nazipenda kuliko nyingi.

Vilianza lini?

Kwanza niseme, njia nyingi tunazopita zilikuwa njia za watu kabla hakujawa na klabu yoyote. Wagundungurra na Wadharug, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wanavuka hii milima ya Blue Mountains magharibi mwa Sydney maelfu ya miaka, walijua wapi pa kupanda genge na wapi pa kupata maji, kwa hiyo ukisoma mahali kwamba fulani "aligundua" njia ya kushuka bonde fulani, soma huku umekunja uso kidogo.

Vilabu vyenyewe vinaanza mwishoni mwa karne ya 19. Melbourne walipata yao 1894, Sydney ikaja Warragamba Walking Club 1895, mmoja wa waanzilishi alikuwa William Mogford Hamlet ambaye kazini alikuwa mkemia wa serikali. Hawa walikuwa mabwana wa mjini wanatembea barabara za vijijini, jioni wanalala hotelini, sio porini kama sisi.

Aliyebadilisha mambo ni Myles Dunphy. Mwaka 1914 yeye na rafiki zake Roy Rudder na Bert Gallop wakaanzisha Mountain Trails Club, klabu ndogo ya wanaume, unaingia kwa kualikwa, na hawa ndo walikuwa wanapotelea kweli huko milimani, Kanangra na mto Kowmung, kwa siku nyingi wakiwa na mizigo yao. Dunphy alichora ramani za eneo lote kwa mkono, ramani nzuri mpaka leo watu wanazitundika ukutani, na majina mengi ya kule alipachika yeye na wenzake.

Ila klabu ya kualikwa haiwezi kubeba watu wengi, na watu walishakuwa wengi. Ndo mwaka 1927 ikazaliwa Sydney Bush Walkers, wanaume na wanawake pamoja, wazi kwa anayeweza kutembea, na jina lao ndo lilisambaza neno tunalotumia leo. Hobart wakafuata 1929. Miaka ya 1930 vilabu vikachipuka kila upande, uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini, watu hawana kazi hawana hela, na tiketi ya treni kwenda Katoomba, mji wa huko milimani, pamoja na mkate na chai ndo ilikuwa likizo pekee waliyoweza.

Ni kweli vilabu viliwahi kununua msitu?

Kweli kabisa. Mtu akiniuliza klabu ina faida gani zaidi ya kampani, hii ndo hadithi ninayompa.

Chini kabisa ya bonde la Grose, pale mto Grose unapokutana na kijito cha Govetts, kuna msitu wa mikaratusi mirefu inaitwa Blue Gum Forest. Pasaka ya 1931 kikundi cha watembeaji akiwemo Alan Rigby walikuwa wamepiga kempu kule, wakakutana na mtu mmoja anaitwa Clarrie Hungerford ambaye serikali ilikuwa imempa haki ya kukodi kile kipande cha ardhi. Mpango wake ulikuwa kukata mikaratusi yote halafu apande miti ya jozi auze. Kisheria hakuwa na kosa lolote, kibali anacho, na kwake ilikuwa biashara kama biashara nyingine.

Watembeaji wangeweza kurudi mjini walalamike, sasa wao wakaunda kamati. Wakazungumza naye, na Novemba mwaka huo huo wakashuka bondeni kukutana naye palepale msituni, mvua inawanyeshea, wakapatana: pauni 130 na yeye anaachia ile haki yake. Pauni 130 wakati wa ule mdororo wa uchumi ilikuwa hela ya kutisha kwa makarani na walimu na mafundi wasiokuwa na kazi. Wakachangishana, wakafanya shughuli za kukusanya hela, sehemu kubwa wakakopeshwa na mmoja wao, wakalipa. Mwaka 1932 serikali ikaitenga ile ardhi kuwa hifadhi ya umma, na miti bado ipo. Ukitaka kuiona shuka kutoka Perrys Lookdown, ni zaidi ya mita 600 kwenda chini kwa umbali wa kilomita chache tu, magoti yatakusimulia mwenyewe, na kumbuka lazima upande tena.

Ile kamati ya Blue Gum ilifanya vilabu vigundue kwamba vikiwa pamoja vina sauti, na 1932 hiyo hiyo shirikisho la vilabu vya New South Wales (NSW), jimbo letu la Sydney, likaanzishwa. Dunphy naye mwaka huo akapeleka pendekezo la hifadhi kubwa ya Blue Mountains, na ramani yake juu. Serikali ilichukua muda wake, hifadhi ya taifa ya Blue Mountains ilitangazwa 1959, Kanangra-Boyd 1969, Wollemi 1979, na mwaka 2000 eneo lote, zaidi ya hekta milioni moja, likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kwa hiyo kuanzia pendekezo hadi UNESCO ni miaka 68. Watu wa vilabu ni wabishi, nawaambia.

Wanawake walikuwepo tangu zamani au ni mambo ya juzi?

Walikuwepo, ila walilazimisha mlango. Melbourne klabu ya kwanza ilikuwa ya wanaume, basi mwaka 1922 wanawake wakaanzisha Melbourne Women's Walking Club, na haikuwa ya kunywa chai. Sydney Bush Walkers walichanganya tangu mwanzo, na magazeti ya enzi hizo yalipata cha kuandika kuhusu wasichana waliovaa kaptula.

Wawili unatakiwa uwajue. Marie Byles alikuwa mwanamke wa kwanza NSW kupata leseni ya uwakili, mwaka 1924, na Jumamosi alikuwa porini. Alipigania pwani ya Bouddi kaskazini mwa Sydney mpaka ikatengwa 1935, kwa hiyo ukienda kupunga upepo pale msalimie. Wa pili ni Dot Butler, aliyekuwa anatembea peku. Peku kweli, kwenye mawe na miiba, na mwaka 1936 yeye na daktari Eric Dark wakawa wa kwanza kupanda Crater Bluff kule Warrumbungle, jabali ambalo leo watu wanaliendea na kamba na kofia ngumu. Alikuwa kwenye kundi la watembeaji wa mwendo mkali lililoitwa Tigers, wanatoka Katoomba kwenda Kanangra na kurudi ndani ya wikiendi moja. Mimi nikifika tu Cox's River, mto wa katikati ya njia hiyo, natafuta kivuli.

Inagharimu kiasi gani, na lida analipwa?

Lida halipwi. Hakuna anayelipwa, kuanzia mwenyekiti hadi anayeandaa programu. Hapa ndo wengi wanachanganya, wanakuja na akili ya mteja, lida akichelewa dakika tano wananuna, wanauliza chakula kiko wapi. Hakuna chakula, umebeba wewe. Klabu sio kampuni ya utalii, wewe ni mwenzao na kesho unaweza kuombwa uongoze.

Unalipa ada ya mwaka, na humo ndani kwa kawaida kuna bima ya ajali na ya madhara kwa wengine ambayo vilabu vinakata kwa pamoja. Wageni huwa wanaruhusiwa safari chache za majaribio kabla ya kujiunga, utajaza fomu ya kukubali kwamba unajua kuna hatari. Soma ile fomu. Zaidi ya hapo ni kuchangia petroli kwa mwenye gari, na mchangie bila kukumbushwa jamani, maana mtu ameendesha masaa matatu na barabara ya vumbi juu.

Nitajuaje kama safari naiweza?

Njia rasmi zina gredi 1 hadi 5. Gredi 1 hata kiti cha magurudumu kinapita, gredi 5 ni kwa mzoefu anayejua kusoma ramani maana njia inaweza isionekane kabisa. Vilabu vina madaraja yao pia, rahisi, wastani, ngumu, na hapo kuwa makini, "wastani" ya memba wa miaka ishirini sio wastani ya mtu anayetoka ofisini. Usiangalie kilomita peke yake, angalia mita za kupanda.

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya 1892: kwa makadirio, saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 15 yenye kupanda mita 900 inakuwa masaa manne na nusu, bila kupumzika, bila kula, bila mtu kufunga kamba za viatu. Sasa hiyo ni kwenye njia. Mkiacha njia mkaingia vichaka vya hakea vinavyochoma mapaja, kilomita moja kwa saa ni mwendo wa kujisifu.

Ukiwa na wasiwasi mpigie lida kabla, mwambie ukweli ulishatembea wapi na lini. Malida wanaona bora uulize maswali kumi Jumatano kuliko ugande kwenye genge Jumamosi saa kumi jioni.

Nije na nini siku ya kwanza?

Viatu vyenye soli inayoshika, ulishavivaa, sio vya boksi. Maji lita mbili kwa siku ya kawaida, lita tatu kiangazi, na usitegemee vijito maana vingine vinapita chini ya miji, maji ya huko chemsha au tibu. Chakula cha mchana na cha kutafuna njiani, huku wana mchanganyiko wao wa karanga, zabibu kavu na chokoleti unaitwa scroggin, kila mtu anaapa wa kwake ndo bora. Koti la mvua hata kama anga ni bluu, kofia, kitu cha joto, taa ya kichwa hata kwa safari inayoisha mchana, bendeji mbili pana za kuvuta, na filimbi.

Jinzi acha nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na baridi inaingia mpaka kwenye mfupa.

Kwa safari za kulala klabu nyingi zinaazimisha tenti na mabegi, usinunue kitu mpaka umetembea mara kadhaa na kuona wenzio wanatumia nini. Zamani vifaa vizuri havikuwepo kabisa, vilikuwa vizito kama vya jeshi, mpaka Paddy Pallin, mhamiaji kutoka Uingereza na memba wa Sydney Bush Walkers, alipopoteza kazi 1930 akaanza kushona mabegi na tenti nyepesi nyumbani kwake. Lile duka lililotokana na hapo bado lina jina lake.

Nyoka je? Hilo ndo linanitisha.

Wapo, tena wenye sumu kali, nyoka wa kahawia wa mashariki, nyoka anayeitwa tiger, na yule mweusi mwenye tumbo jekundu ambaye tunamuona sana karibu na maji. Ila wanaokufa kwa nyoka Australia nzima ni wastani wa watu wawili hivi kwa mwaka, na baadhi huumwa walipojaribu kumuua au kumshika. Ukimuona simama, mpe njia, ataondoka.

Mtu akiumwa, kuna namna moja ambayo kila memba inabidi aijue hata akiamshwa usiku wa manane. Mlaze chini, asitembee hata hatua moja. Usioshe jeraha, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Chukua bendeji pana ya kuvuta, zungushia juu ya jeraha palepale, juu ya suruali kama suruali ipo usipoteze muda kuivua, kisha ya pili anzia vidoleni upande nayo hadi juu ya mguu mzima, ikaze kama vile unafunga kifundo kilichoteguka. Halafu funga kijiti au fimbo ya kutembelea kando ya mguu usikunjike. Weka alama kwa kalamu pale alipoumwa, andika saa, piga 000, namba ya dharura ya huku. Sumu ya hawa nyoka husafiri zaidi kupitia mishipa ya limfu, sio moja kwa moja kwenye damu, na limfu inasukumwa na misuli inayocheza, ndo maana kubana na kutulia kunanunua muda mpaka helikopta ifike. Mbinu hii ilitoka kwa daktari Struan Sutherland wa Melbourne mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndo huyo huyo aliyeongoza kutengeneza dawa ya sumu ya buibui wa Sydney, funnel-web, tangu dawa ianze kutumika 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa.

Jizoezeshe kwenye mguu wa mwenzio sebuleni. Utashangaa bendeji moja inaishia magotini.

Na ruba?

Ruba ni kero, sio hatari. Mvua ikinyesha wanasimama juu ya majani makavu wananyoosha shingo wanakutafuta, unaweza kuwaona kabisa wakijipima kuja kwako. Wakikung'ata hausikii, utaona soksi ina doa jekundu. Sukuma kwa ukucha kuanzia upande mwembamba wa mdomo, ataachia. Damu itaendelea kutoka muda mrefu maana mate yao yanazuia damu kuganda, usiogope.

Kupe ndo wa kuwaheshimu. Usimbane kwa vidole wala kumminya, kumminya kunamfanya akutemee mate yake ndani. Ushauri wa huku ni kumuua akiwa palepale kwa dawa ya kugandisha ya duka la dawa halafu adondoke mwenyewe. Kuna watu pwani hii ya mashariki wamepata mzio wa nyama nyekundu baada ya kung'atwa na kupe, na daktari aliyeunganisha hayo mambo mawili, Sheryl van Nunen, ni wa hapa hapa Sydney. Mtu alikula nyama maisha yake yote, leo anakula anaishia emajensi. Kwa hiyo ukirudi nyumbani jikague, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni kwenye mkanda.

Simu yangu ina ramani, haitoshi?

Haitoshi. Bondeni mtandao haupo, betri inakufa kwa baridi, na skrini ikilowa inaanza kujibofya yenyewe. Simu ni nzuri kama nyongeza, pakua ramani kabla, na weka ile aplikesheni ya Emergency Plus inayokuonyesha mahali ulipo ukipiga 000. Ila kundi liwe na ramani ya karatasi, dira, na kifaa cha PLB, kile kidogo cha kuita msaada. Hicho PLB ukikifungua kinapeleka ishara kwenye setilaiti na waokoaji wanajua uko wapi, usajili wake kwa mamlaka ya usalama baharini AMSA ni bure, na kwa Blue Mountains unaweza kuazima cha bure kutoka polisi au ofisi ya hifadhi. Ni bure! Na bado kila kiangazi unasikia kuna mtu kapotea na chupa moja ya maji.

Mwambie mtu asiyeenda na wewe unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Kwenye klabu lida anaacha orodha na njia kwa mtu aliyebaki mjini.

Mtu akipotea inakuwaje?

Kwanza ni vigumu kupotea kwenye klabu inayofanya mambo sawasawa. Lida mbele, na mmoja mzoefu anawekwa nyuma kabisa, hakuna anayebaki nyuma yake. Kila njia panda wa mbele wanasubiri wa mwisho aonekane ndo waendelee. Ukienda kujisaidia acha begi lako njiani, wa nyuma akiliona anajua upo. Na wakati wa kusubiri, ukifika wa mwisho wewe pia unapumzika, kuna tabia mbaya ya walio mbele kuinuka pale pale mchovu anapofika, mimi hiyo naikemea waziwazi.

Ikitokea kweli, polisi ndo wanaongoza utafutaji, na vilabu vinatoa watu. Tangu 1936, baada ya kikundi cha vijana kupotea kule Grose, watembeaji wa NSW wana kikosi chao cha kujitolea cha kutafuta na kuokoa, watu wanaoweza kuingia mahali gari wala farasi haliingii na kulala huko huko. Kikosi kipo mpaka leo, kinafanya mazoezi, na kinapokea memba wa vilabu wenye uwezo.

Moto unaruhusiwa kuwasha?

Inategemea mahali na siku. Sehemu nyingi ni stovu ya gesi tu, na siku ya marufuku ya moto hata stovu ya gesi porini hairuhusiwi, mnakula baridi. Hatari ikiwa juu hifadhi yenyewe inafungwa na lida anafuta safari, usimlaumu. Ule moto wa 2019 hadi 2020 ulipita kwenye takriban asilimia 80 ya eneo la Urithi wa Dunia la Blue Mountains. Kuna msitu mdogo wa siri wa misonobari ya Wollemi, mti ambao ulijulikana kwa mabaki ya mawe tu mpaka 1994 David Noble, mfanyakazi wa hifadhi na mpenda makorongo, alipoukuta uko hai kwenye korongo moja, na wazimamoto walipelekwa maalum kuulinda, wakauokoa. Mahali penyewe hapatangazwi, na usimuulize lida akupeleke.

Choo?

Mita 100 kutoka kwenye maji na njia, chimba sentimita 15 au zaidi kwa koleo dogo, fukia. Karatasi kama sheria ya mahali inataka, unarudi nayo ndani ya mfuko. Kwenye makorongo unabeba vyote. Ndio, vyote.

Mbona mnasafisha viatu kwa brashi kabla ya kuingia?

Kuna ukungu wa udongoni unaitwa Phytophthora unaua mizizi ya miti ya huku, na unasafiri kwenye tope la viatu. Sekunde thelathini za kupiga brashi na kukanyaga dawa pale kwenye kituo, haijawahi kumchelewesha mtu.

Naweza kuja na watoto au mbwa?

Mbwa hapana, hifadhi za taifa za NSW haziruhusu. Watoto inategemea safari, vilabu vingine vina safari za familia na lida atasema. Myles Dunphy na mkewe Margaret mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliingia porini na mtoto wao Milo akiwa kwenye kigari, wakakipa jina Kanangra Express. Milo alikua akawa mmoja wa wapiganaji wakubwa wa mazingira nchi hii, mstari wa mbele kuzuia uchimbaji wa chokaa kwenye mapango ya Colong. Sisemi umfanyie wa kwako hivyo, anza na njia fupi yenye maji ya kuchezea.

Mbona wengi kwenye picha wana mvi?

Swali zuri, na jibu la kweli ni kwamba vilabu vingi vinapata shida kuvuta vijana. Vijana wanapata njia kwenye simu na kwenda wenyewe, hawaoni haja ya mkutano na kamati. Nawaelewa. Ila yule mzee wa miaka sabini anajua maji yako wapi mwaka wa ukame, na akikuacha kwenye mlima hautamuona tena mpaka chakula cha mchana. Vilabu vya vyuo vikuu vina umri mdogo na fujo zaidi, kama uko chuo anzia huko.

Na Kiingereza changu je? Mimi ni mgeni nchi hii.

Hakuna mtihani. Unachotakiwa kuelewa ni maelekezo ya usalama asubuhi, na ukikosa neno uliza palepale usitikise kichwa tu. Porini watu wanaongea polepole, kilima kinawakata pumzi wote.

Haya, naanzia wapi?

Shirikisho la Bushwalking NSW lina orodha ya vilabu vyote kwa eneo, tafuta cha karibu na stesheni yako kwa sababu kukutana saa moja asubuhi upande mwingine wa mji kutakuchosha kabla ya mlima. Soma programu, chagua safari rahisi yenye nafasi kwa wageni, mwandikie lida siku kadhaa kabla, taja umri wako wa kutembea sio wa kuzaliwa, kama una pumu au dawa unayotumia mwambie, muulize nani anapita upande wako na gari. Na ukighairi, ghairi mapema, maana kwenye safari za makorongo idadi ni ndogo na kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri ambaye alikuwa ameshapanga begi.